Pembe Nne za Mkeka

Siku ya arobaini ya Mwanaidi waliniwekea kiti. Kiti cha plastiki, cheupe, kando ya mlango, kwa heshima ya magoti yangu mabovu, na mjukuu wake mmoja akanishika kiwiko anipeleke. Nikamwambia angoje kwanza. Nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa nyumba ileile ya Temeke tuliyokaa zamani, ingawa nyumba yenyewe haipo tena. Wamejenga nyingine juu ya msingi wake, ya matofali na vigae na feni zinazozunguka darini. Lakini ukumbi wameuacha palepale, unatoka mlango wa mbele unakwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba huku na huku. Nikafumba macho. Watu walidhani nalia, wakaanza kunipa pole, na mimi sikuwa nalia hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza kama bado kuna sauti zinazopita juu ya kuta.

Maana nyumba ya zamani kuta zake hazikufika juu. Ziliishia pale mkono wa mtu mrefu unapogota, na baada ya hapo ni boriti, makuti, upepo na maneno ya kila mtu. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakuombea afya. Nilijua nani hakulala vizuri, nani amenunua nyama, nani kanuniana na mumewe, bila kutoka kitandani. Mimi na kaka yangu Anselmi tulipanga chumba kimoja humo, tumetundika shuka katikati, yeye karani katika ofisi moja ya mjini, mimi binti wa kutoka milimani niliyeletwa Dar es Salaam nikisubiri mtihani wa kuingia koleji ya ualimu. Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Shomari, aliyesomesha watoto Qurani barazani asubuhi, na mchana akishona kofia kwa mkono, taratibu. Chumba kilichopakana na chetu kilikuwa cha binti yake, Mwanaidi. Alikuwa rika langu. Alifika darasa la nane, halafu akawa mwali, akawekwa ndani, na kwa muda mrefu mimi nilimjua kwa kikohozi chake tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini inayoelekea ukingoni. Wajukuu wangu huniuliza kama niliiona mikutano, kama nilisikia hotuba, kama tulijua kwamba Mwingereza anaondoka. Huwa naona aibu kuwajibu. Mwaka ule watu wazima walikuwa wakinong'ona mambo makubwa barazani, na mimi nilikuwa naziona pembenne. Nilikuwa nikiosha vyombo naona pembenne, nikiangalia mlango, dirisha, kitambaa cha mezani, naona pembenne. Anselmi alirudi kazini jua likiwa limeanza kulegea, akanawa miguu uani, akanywa chai yake, kisha akatandaza juu ya sanduku karatasi za viraba alizopewa ofisini, zilizokwisha kutumika upande mmoja, akaanza kunifundisha kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja mzima. Mstari mmoja umelala, mwingine umesimama, inakutana katikati. Kila nukta ina mahali pake: hatua kadhaa za pembeni, hatua kadhaa za juu. Ukipewa nukta nne unaziunganisha, halafu unathibitisha kama umepata mraba, mstatili, msambamba au kitu kisicho na jina. Wakati ule hatukuwa na maneno haya ya Kiswahili. Tulitumia Kiingereza, tena cha kuokoteza. Naandika kwa maneno niliyokuja kufundishia baadaye, maana ndiyo niliyoyazoea.

Siku moja alinipa nukta tatu za msambamba. Moja na moja. Tano na mbili. Sita na tano. Nitafute ya nne. Nilitafuna penseli. Uani mtu alikuwa anatwanga, na mwanga ulikuwa unaingia chini ya makuti kwa vipande vipande, ukitua juu ya ile karatasi na kuondoka, nami nikawa naufuata mwanga badala ya swali. Anselmi alianza kunung'unika kwamba kuna watu wanalipiwa nauli bure. Ndipo sauti ikatoka juu ya ukuta, ya upole, ya mtu anayetaja bei ya vitumbua.

"Mbili na nne."

Anselmi akaangalia juu kwenye boriti. "Nani huyo?"

Mara tukamsikia Bi Tatu, mkewe Mwalimu Shomari, akicheka kule kwake mpaka akapaliwa. "Ni mwanafunzi wenu huyo! Tangu masika anasoma nanyi bure, hata ada hajatoa!"

Na kweli, alikuwa amesoma nasi tangu masika. Alikaa kitandani kwake, ule ubao wake wa zamani wa chuo cha Qurani magotini, kipande cha mkaa mkononi, akifuata kila neno la kaka yangu. Akifuta, akichora, akifuta. Mimi niliyekuwa naziona karatasi nilikuwa nyuma yake. Sikuona wivu, nasema kweli. Nilifurahi mno, maana nilikuwa mpweke katika mji ule kuliko nilivyokuwa nimemwambia mtu yeyote. Kesho yake nikapeleka bakuli la makande kwao, Bi Tatu akarudisha bakuli lina muhogo wa nazi kutoka shamba lao la Chamazi, na ujumbe kwamba makande yetu ni matamu ila yanataka mtu mwenye meno ya kukodi. Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, kwa mabakuli.

Anselmi akaenda kumwona Mwalimu Shomari barazani. Alivaa shati la kanisani. Mimi nilibana nyuma ya mlango. Alisema mengi, ya elimu na ya nchi, na mzee alimwacha amalize yote, sindano yake ikiingia na kutoka kwenye kofia. Mwishowe akasema: "Binti yangu hatoki nje ya mlango huu. Lakini ukumbi si nje." Alasiri ile akautoa mkeka mkubwa mwenyewe, akautandaza ukumbini, akapangusa vumbi. Mimi akaniweka pembe ya karibu na uani, Mwanaidi pembe ya pili, Anselmi ya tatu, mbali na msichana kadiri mkeka ulivyoruhusu. Ya nne akakaa yeye na kofia yake. "Haya," akasema, "someni."

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nimeolewa vizuri, nimezaa, nimefundisha shule nyingi, na bado nikilala mchana ndoto yangu inanirudisha kwenye mkeka ule. Mwanga wa kipupwe unaingia kwa mlango wa mbele na kutokea uani. Harufu ya udi ya Bi Tatu na ya samaki anayekaangwa. Mwanaidi ameinamia ubao, ameuegemeza kwake kama mtu anayeficha karata, ushungi unamteleza, anaurudisha kwa mkono wenye mkaa mpaka shavu linakuwa jeusi, na akimaliza anatamka jibu tu, taratibu, bila kuinua macho. "Huu mstatili." "Huu si mraba, kaka Anselmi, umetutega. Pande sawa, lakini umelala ubavu." Niligundua kwamba sindano ya mzee husimama kidogo kabla ya jibu la binti yake, na jibu likishakuwa sahihi, huendelea.

Ulipotangazwa mtihani, Mwalimu Shomari alitoa neno lake mbele yetu sote. Koleji ilikuwa bara, mbali, ya wasichana kukaa hukohuko. "Akifaulu, mizigo yake nitaifunga mwenyewe. Asipofaulu, habari hii isirudi tena nyumbani kwangu." Mwanaidi alisema, "Ndiyo, baba." Akaingia chumbani. Juu ya ukuta nikamsikia akihema, akihema, mpaka nikamwita, "Shoga, u mzima?" Akanijibu, "Mie mzima. Naogopa tu kufurahi."

Basi ikafika siku Anselmi alipotuletea maswali ya namna ya mtihani. Hakutaja nukta safari hii. Alitupa kila mtu karatasi yenye pembenne iliyokwisha kuchorwa upande wa kulia, tusome sisi wenyewe nukta zake. Mwanaidi aliitazama yake kidogo tu. "Hasi moja na moja," akasema. "Hasi tano na mbili. Hasi sita..." Anselmi akacheka. Alidhani ni utani, na Mwanaidi naye akacheka kwa adabu, asijue kinachochekesha. Kisha kaka yangu akaacha kucheka. Akampa karatasi nyingine ya viraba, akamtajia nukta zilezile bila hasi, akamwambia achore mbele yetu. Tukaona mkono wake ukienda upande wa pili. Akaomba aonyeshwe na ubao. Zile pembenne zote, kazi ya wiki nzima, zilikuwa zimeelekea kushoto.

"Hesabu zako unaanzia wapi?" akamuuliza.

"Kulia," akasema Mwanaidi. "Kwani watu huanzia wapi?"

Hakuna aliyemfundisha vibaya. Alisikia juu ya ukuta, anzia hapo katikati uende mbele, na kwake yeye mbele ilikuwa ni kushoto, kama maandishi ya kwanza aliyoyajua, ya Qurani, yanavyokwenda. Alikula kwa kulia, aliingia nyumbani kwa mguu wa kulia, alianza kila jambo jema kulia. Na hesabu zenyewe hazikumsaliti, maana mraba ni mraba hata ukiutazama kutoka upande wowote. Urefu haubadiliki, pembe hazibadiliki, majibu yalitoka sahihi miezi yote ile. Lakini mtihani ungempa michoro asome na michoro achore, na kila mmoja ungehesabiwa kosa.

Anselmi alitaharuki. Alikuwa kijana mwema, kaka yangu, lakini akiogopa alikuwa mkali. "Hilo lazima ulisahau," akasema. "Kabisa! Usahau kuanzia kulia, ulifute kichwani, vinginevyo umekwisha." Nikaona sindano ya Mwalimu Shomari imesimama, na haiendelei. Mzee akachomeka sindano kwenye kofia, akaikunja. Akamwambia binti yake aingie ndani. Kisha akaanza kuukunja mkeka kutoka upande wake, polepole, mpaka mimi na Anselmi tukawa tumesimama kwenye sakafu tupu na karatasi zetu mkononi.

Jioni ile hakuna aliyejaribu kunong'ona. "Kidole chake nilikishika mimi," mzee alikuwa akimwambia Bi Tatu, "nikakiweka kwenye alifu. Kwa mkono huu. Leo mtoto wa watu ananiambia asahau."

"Hakusema asahau dini yake, baba Mwanaidi. Kasema kwenye karatasi."

"Inaanzia kwenye karatasi."

"Na mtoto je? Hujamsikia?"

Sote tulikuwa tunamsikia. Hakuwa analia kwa sauti, alikuwa anameza. Anselmi aliketi kitandani kwake na shati lake la kazini, akasema kwa sauti ya chini, "Nimeharibu, Yustina." Nikamnunia. Nilimnunia vizuri sana, nikampa chakula chake bila kumtazama, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumnunia.

Mkeka ukatundikwa kwenye kigingi chake ukutani, na siku zikapita hivyo. Nyumba ilikuwa kimya ajabu. Hata mabakuli yaliacha kwenda na kurudi. Mimi nikabaki na ile karatasi ambayo Mwanaidi aliichora mbele yetu, niliyoiokota sakafuni. Mchana mmoja nilitaka kuitumia, nikashindwa kutofautisha mistari yake na ile ya ofisini iliyochorwa upande wa nyuma. Karatasi ilikuwa nyepesi. Nikaibandika kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza kuona mistari ya nyuma, na mistari ya Mwanaidi ikaonekana kwa kupenya. Moja na moja. Tano na mbili. Sita na tano. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ule upande wa kaka Anselmi. Nikakaa nayo pale mpaka mikono ikachoka. Nilikuwa nimelewa, sijui niseme vipi. Nilihisi nyumba nzima imegeuzwa mara moja na kurudishwa, na haikumwagika kitu.

Mwalimu Shomari alikuwa barazani, watoto wa chuo wamekwisha kutawanyika. Mimi Mkristo, mpangaji, binti, nisiyekuwa na haki ya kumsemesha jambo lile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikampa karatasi. Nikamwomba aiinue juani. Akaiinua, mikono yake mikubwa ya mshona kofia ikiishika kwa ncha. "Hii kazi ya nani?"

"Ya Mwanaidi."

"Ndiyo hiyo mbovu?"

"Sasa igeuze, mwalimu. Utazame kwa nyuma."

Akaigeuza. Akatazama sana. Akarudi upande wa kwanza, akaigeuza tena. "Na hii?"

"Hiyo ndiyo anayoitaka kaka."

"Ni ileile."

"Ni ileile, mwalimu. Urefu uleule, pembe zilezile."

"Kuna upande ulioharibika?"

"Hakuna."

Akashusha karatasi kwenye paja. Mpita njia akamsalimu, hakumsikia. "Sasa asahau nini?" akaniuliza, na nikaona kwamba alikuwa anauliza kweli, mtu mzima ananiuliza mimi.

"Hakuna cha kusahau. Ajue kugeuza tu."

Alinirudishia karatasi yangu. "Nenda kapike," akasema. Nikaenda, nikaunguza maharage.

Siku ile ikapita, na iliyofuata. Halafu Anselmi aliporudi kazini alasiri moja alikuta mkeka umetandazwa ukumbini, mzee kwenye pembe yake na kofia yake, Mwanaidi kwenye yake, macho yamevimba, ubao magotini. "Kaa," mzee akamwambia kaka yangu. "Fundisha. Ila hilo neno kusahau, kwenye mkeka huu usilitumie." Anselmi alikaa upesi mpaka akakalia penseli. Bi Tatu akacheka kule jikoni, na kicheko kile kikafungua nyumba nzima.

Haikuwa rahisi. Mkono wa Mwanaidi uliendelea kwenda kulikouzoea; angeanza sawa, halafu mawazo yakimpoteza kidogo anakuta amefika upande mwingine. Ndipo akajitengenezea njia yake. Alichora kama alivyojua, akageuza karatasi kwenye mwanga wa mlango, akafuatisha kwa nyuma. Polepole akaanza kugeuza kabla hata ya kuchora, kichwani, akifumba macho. Ungeona kope zinatetemeka, kisha mkono unashuka unakwenda kushoto, unaanzia huko, unakuja. Anselmi akifunga mdomo kwa nguvu zake zote asiseme neno. Mzee akishona.

Asubuhi ya mtihani tulivaa mapema. Mwanaidi alikuwa hajatoka mlango ule mchana kweupe tangu awekwe ndani, na sasa alisimama kizingitini na buibui lake, asiweze kuvuka. Mimi nilikuwa nje tayari, namngoja. Baba yake akaja nyuma yake. Akamweka mkono begani. "Toka na mguu wako kama nilivyokufundisha," akamwambia. "Ukifika huko, kwenye karatasi yao, anza kushoto, mwanangu. Nimekuruhusu. Ukirudi utaanza kulia." Mwanaidi akaubusu mkono ule. Akatoka.

Katika chumba cha mtihani alikaa karibu na dirisha, mstari wa jirani na wangu. Lilipofika swali la pembenne nilimwona akiweka kalamu chini. Akainua karatasi yake kwenye mwanga, akaitazama kwa nyuma, muda mrefu, hadi yule bibi wa Kizungu aliyetusimamia akakunja uso na kuja kusimama karibu yake. Hakumwona. Aliishusha, akafumba macho kidogo, akaandika.

Tulifaulu sote wawili. Bi Tatu alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Na Mwalimu Shomari alifunga mizigo mwenyewe, kama alivyosema, kwa kamba ya katani, akiikaza kwa goti. Na alipomaliza la binti yake akavuta sanduku langu pia, akalifunga vilevile, fundo lilelile. Nikalia pale ukumbini bila haya. Sikulifungua fundo lile nilipofika koleji. Nililegeza kamba tu, nikatoa sanduku ndani yake.

Mwanaidi alifundisha hesabu maisha yake yote, mimi nami hivyohivyo, mara nyingine shule jirani, mara nyingine mikoa ya mbali. Siku ya arobaini wanafunzi wake walikuwepo, wengine wazee tayari, na mmoja alisimulia jinsi mwalimu wao alivyowaamrisha kila darasa jipya waende dirishani na madaftari yao, wageuze ukurasa, watazame, kabla hajawafundisha chochote. Wanawake wakacheka. Walidhani ni vituko vyake. Mimi sikuwaeleza.

Mzee alikwenda zamani, kabla ya mtoto wangu wa kwanza, na Bi Tatu akamfuata. Anselmi tulimzika milimani. Sasa na huyu. Ukipewa nukta tatu za msambamba, ya nne unaipata, hata mtoto anaweza. Ukipewa mbili, unahangaika. Ukibaki na moja huna hesabu ya kufanya. Unachoweza ni kutoihamisha.

Nikamwambia mjukuu wa Mwanaidi aondoe kiti kile. Akanitazama magoti, akafanya kama nilivyosema. Walikuwa wametandika mkeka mkubwa ukumbini, wanawake wamejaa katikati, sahani za wali zimeanza kupita. Nikavua viatu. Nikazunguka kwa ukuta mpaka kwenye ile pembe karibu na uani, nikashuka taratibu, mifupa ikilalamika, nikaketi.

"Bibi Yustina, hapo joto, feni haifiki," yule mjukuu akasema. "Sogea huku katikati na wenzio."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Acha nikae pangu."